Mchanga, Mshahara na Faili la Mkopo

Tawi la benki mjini Machakos halina bomba la moshi. Lina taa, kompyuta, viyoyozi, mashine ya kutolea pesa na jenereta nyuma ya jengo kwa ajili ya saa za giza. Umeme wenyewe si mchafu, kwani zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua. Kwa hiyo benki inapotangaza kwamba imebadilisha taa, imepunguza karatasi na imepanda miche shuleni, inasema kweli na inafanya jambo jema. Ila hiyo ni sehemu ndogo mno ya hesabu.

Hesabu kubwa imo ndani ya mafaili ya mikopo.

Mfano ulio karibu ni mchanga. Kampuni ya ujenzi inakopa mamilioni ili ijenge ghorofa za kupangisha Nairobi, Syokimau au Mlolongo. Ndani ya faili mna hati ya kiwanja, ramani iliyoidhinishwa, makadirio ya kodi na majina ya wadhamini. Mto haumo. Ilhali mchanga mwingi unaochanganywa na saruji katika majengo ya jiji hutoka Ukambani, kwenye mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kitui, ambako vijana huupakia kwa sepetu na malori kuusomba hadi Nairobi.

Mchanga huo una kazi yake pale ulipo. Mvua za Ukambani huja kwa nguvu na kupita upesi. Mto hujaa siku chache, kisha maji yanayoonekana hukauka, lakini mengine huwa yameshuka katikati ya punje za mchanga, yakakaa humo kwa miezi mingi yakiwa yamekingwa na jua. Ndipo akina mama wanapochimba visima vifupi na kuteka. Mchanga ukikombwa hadi mwambani, maji ya mvua hupita moja kwa moja kwenda Bahari ya Hindi, kingo za mto hubomoka na visima vya jirani hukauka. Mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa uchimbaji mchanga mwaka 2007, na Kaunti ya Makueni ikatunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Hata hivyo ugomvi wa mchanga umemwaga damu Ukambani. Benki haikushika sepetu, lakini pesa zilizolipia lori zilipitia mikononi mwake.

Mfano wa pili uko Mavoko, upande wa Kaunti ya Machakos unaopakana na Nairobi. Hapo Athi River ndipo penye viwanda vya saruji, na East African Portland Cement ipo hapo tangu miaka ya 1950. Ili kupata saruji, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,450. Yakichomwa, jiwe lenyewe hutoa kaboni dioksidi, mbali na ile inayotoka kwenye makaa au mafuta yanayowasha tanuri. Duniani kote, saruji hukadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayosababishwa na binadamu. Benki iliyokopesha tanuri moja la namna hiyo imebeba moshi usioweza kufutwa na taa za matawi yake yote.

Lakini viwanda hivyo hivyo vinalisha maelfu ya nyumba. ARM Cement ilipowekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018 kwa sababu ya madeni, waliokuwa na wasiwasi hawakuwa wakopeshaji peke yao. Walikuwepo pia wafanyakazi, madereva wa malori na mama wauza chakula nje ya lango. Anayetaka benki zikatae tu kukopesha viwanda hajasimama kwenye lango hilo saa ya zamu kubadilishana. Jambo la maana ni masharti yanayoambatana na pesa: tanuri linalotumia moto kidogo, vichujio vya vumbi, maji machafu yasiyomwagwa mtoni, na mfanyakazi mwenye vifaa vya kujikinga na mkataba anaouelewa. Mkopo wa miaka saba ni nafasi ya miaka saba ya kukagua mambo hayo.

Machakos ni mahali pazuri pa kulifikiria suala hili kwa sababu wilaya hiyo ilishawahi kutajwa na serikali ya kikoloni kuwa ardhi iliyokufa. Mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, alizunguka Ukambani akaandika ripoti ya kutisha kuhusu vilima vilivyobaki mwamba mtupu na makorongo yaliyokula malisho. Serikali iliamua kwamba kosa ni la ng'ombe, na mwaka 1938 ikaanza kuwapunguza kwa nguvu. Mwaka huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama Athi River, tayari kuwanunua kwa bei ya chini. Wakamba hawakukubali. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, maelfu waliandamana hadi Nairobi wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa, wakitaka kumwona gavana. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma na ng'ombe waliokuwa wamechukuliwa wakarudishwa.

Yaliyofuata yanajulikana duniani kuliko yanavyojulikana na Wakenya wengi. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu miaka 60 ya Machakos. Walikuta kwamba idadi ya watu wilayani, wakati huo ikiwa pamoja na Makueni, ilipanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka na mazao kwa kila mtu yamepanda. Vilima vilikuwa vimekatwa matuta toka juu hadi chini, mengi yakiwa ya fanya juu, ambapo mkulima huchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu ili ukinge maji. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe, mara nyingi na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ambamo wanawake ndio waliokuwa wengi.

Pesa zilitoka wapi? Hapa ndipo penye somo kwa mwenye benki. Kwa kiasi kikubwa hazikuwa za mkopo. Zilitoka kwenye kahawa, ambayo Wakamba waliruhusiwa kuipanda kwa wingi kuanzia miaka ya 1950, na zilitoka kwenye mishahara. Baba wa Kathiani aliyeajiriwa na reli, jeshi, polisi au kiwanda cha Nairobi alituma pesa nyumbani, mama akaajiri vijana wa kuchimba mtaro, akanunua mbegu, jembe la kukokotwa na fahali wa kulikokota. Mshahara wa mjini ndio ulioshikilia udongo wa kijijini.

Taarifa za mwaka za benki hutenga kurasa za mazingira na kurasa za wafanyakazi, kana kwamba ni habari mbili. Huku Machakos hazijawahi kuwa mbili. Mshahara ukikatika, tuta lililobomoka halizibwi, mche haunyweshwi, na kijana aliyepoteza kibarua hupanda lori la mchanga kwa sababu hulipa leo leo.

Sasa tutazame wafanyakazi wa benki zenyewe. Mwishoni mwa 2015 benki za Kenya ziliajiri zaidi ya watu 36,000. Miaka miwili baadaye walikuwa wamepungua hadi chini ya 31,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. M-Pesa ilianza Machi 2007. Uwakala wa benki uliruhusiwa mwaka 2010. Mikopo ya simu ya M-Shwari ikaja Novemba 2012 na ya KCB M-Pesa mwaka 2015. Mteja aliacha kupanga foleni. Benki ya Equity, kwa mfano, imekuwa ikieleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya miamala yake hufanyika nje ya matawi. Kisha Septemba 2016 sheria iliweka kikomo cha riba, pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kikomo hicho kikadumu hadi Novemba 2019. Benki zilisema faida imebanwa, zikapunguza watu.

Sheria ya Ajira ya 2007 haimzuii mwajiri kupunguza wafanyakazi, lakini inamfunga kwa masharti. Lazima atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, achague wa kuondoka kwa vigezo vya haki, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Chama cha wafanyakazi wa benki, bima na fedha, BIFU, kimezishtaki benki mara kwa mara juu ya mambo hayo na juu ya mtindo wa kuajiri watu kwa mikataba mifupi kufanya kazi za kudumu. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge chumba cha mama kunyonyeshea. Haya ni mambo ya kawaida kabisa, na ndiyo kipimo cha kwanza cha benki inayosema inawajali watu wake.

Kuna kundi jingine lisilohesabiwa. Katika soko la Machakos, na katika vituo vidogo vya Masii, Wamunyu na Kathiani, kazi ya keshia sasa hufanywa na wakala: mwenye duka la vifaa, duka la dawa au kibanda cha simu. Anahesabu noti, anamtambua mteja, anabeba hatari ya kuibiwa, na analipwa kamisheni. Hana likizo, hana pensheni, na siku akiugua duka limefungwa. Mawakala wamewapunguzia wazee safari ya nauli kwenda mjini, na hilo ni jema kubwa. Lakini benki inayojisifu kwa kutumia karatasi kidogo na majengo machache inapaswa pia kueleza kwamba sehemu ya akiba hiyo imebebwa na watu hawa, na kuwatafutia bima, mafunzo na kamisheni isiyopunguzwa kwa barua ya siku moja.

Aliyepungua zaidi machoni pa mkulima ni afisa wa mikopo. Huyu zamani alipanda pikipiki akaenda kuliona shamba. Aliyefanya kazi Machakos miaka kumi anajua kwamba Kangundo yenye kahawa haina msimu mmoja na Yatta, kwamba shamba lenye matuta hutoa mahindi kidogo hata mwaka mbaya ilhali la jirani lisilo na matuta halitoi kitu, na kwamba lori analotaka kununua mteja litaenda kubeba mchanga au maembe. Maarifa hayo hayamo kwenye simu. Mkopo wa simu hupimwa kwa historia ya miamala. Ule wa M-Shwari ulianza kwa ada ya asilimia 7.5 na muda wa siku 30. Ni msaada wa kweli mtoto akiugua usiku, lakini hakuna mtaro wa fanya juu, tangi la maji wala mche wa mwembe unaolipa ndani ya siku 30. Benki ikimwondoa afisa na kumwachia simu kazi yake yote, imepoteza macho yaliyokuwa yakiuona mto, na mikopo inayobaki haina sura ya ardhi hii.

Hasara yake ni ya benki pia. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa za ukame za Kenya. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño, na Aprili 2024 mafuriko yakaingia kwenye nyumba za watu Athi River. Mkopo wa ng'ombe uliotolewa 2021 na mkopo wa nyumba iliyojengwa kwenye njia ya maji ina tatizo moja: aliyeiidhinisha hakuuliza kuhusu mvua.

Benki Kuu ya Kenya imeliona hilo. Oktoba 2021 ilitoa mwongozo unaozitaka benki zipime na kusimamia hatari za tabianchi kama zinavyosimamia hatari nyingine za mkopo, na jambo hilo liwe chini ya bodi. Kabla yake, mwaka 2015, Chama cha Mabenki Kenya kilikuwa kimepitisha kanuni za fedha endelevu na kuanzisha mafunzo ya mtandaoni kwa wafanyakazi wa benki. KCB ilikuwa miongoni mwa benki zilizotia saini Kanuni za Umoja wa Mataifa za Benki Zinazowajibika zilipozinduliwa New York Septemba 2019, na mwaka 2020 ikaidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi kupitishia pesa zake. Mwaka 2021 ilijiunga na muungano wa kimataifa wa benki zilizoahidi kufikia sifuri ya kaboni. Muungano huo ulifunga shughuli zake mwaka 2025, baada ya benki kubwa za Marekani na nyinginezo kujitoa. Ahadi za mbali zinaweza kuvunjika hivyo. Zile zilizoandikwa ndani ya mkataba wa mkopo wa hapa nyumbani zina mahakama ya kuzishikilia.

Na mkopeshaji akikataa, mradi unaweza kukwama kweli. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu ulipofutiwa leseni na mahakama ya mazingira Juni 2019, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza mwezi Novemba kwamba haitaufadhili. Wenyeji wa Lamu walipigana miaka mingi, na ushindi wao mahakamani ndio ulioanza, lakini hakuna mtambo wa ukubwa huo unaojengwa bila mkopo.

Machakos inahitaji zaidi mikopo ya kukubali kuliko ya kukataa. Kola, kusini mwa mji wa Machakos, kikundi cha Utooni kilianza mwaka 1978 kikiongozwa na Joshua Mukusya, kikajenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu. Misimu michache ya mvua huujaza mchanga nyuma yake, na ndani ya mchanga huo maji huweza kuchukua robo hadi asilimia 40 ya ujazo wote. Mbu hawazaliani humo, jua haliyafikii, na mikono ya kuukarabati ukuta iko kijijini. Pembezoni mwa mabwawa hayo watu wamepanda mboga na miti ya matunda mahali ambapo zamani ndoo moja ya maji ilikuwa safari ya nusu siku. Wanakijiji walitoa mawe, mchanga na nguvu zao. Saruji na chuma vililipiwa na wafadhili.

Benki haijazoea kukopesha ukuta wa mto, kwa sababu hauna hati na hauwezi kunadiwa. Lakini vinavyozunguka ukuta huo vinakopesheka: pampu ya jua, mabomba ya matone, tangi, miche ya maembe na parachichi, kikaushio cha matunda. Vinataka muda wa miaka mitatu au minne, malipo yanayofuata mavuno, na dhamana ya kikundi pale ambapo shamba bado lina jina la babu. Sacco na vyama vya akina mama vimekuwa vikidhaminiana hivi tangu zamani, na mtu wa benki akiketi nao jioni moja atatoka na fomu bora kuliko anayotumwa kutoka makao makuu. Ndiyo sababu mtu huyo lazima awepo, awe na mkataba wa kudumu, na apimwe kwa mikopo iliyolipika na shamba lililosimama. Afisa anayebanwa na targeti ya mwezi, mwenye mkataba wa miezi sita, ataandika mkopo wa lori la mchanga kwa sababu ndio unaoandikika haraka.

Aprili 2025 Benki Kuu ilitoa mambo mawili zaidi: utaratibu wa kuainisha ni shughuli gani zinastahili kuitwa za kijani, na mfumo wa benki kutoa taarifa za hatari za tabianchi. Taarifa hizo zitakuwa za taifa zima. Kaunti yenye watu 1,421,932 kwa sensa ya 2019 inastahili kuona zake. Ni kiasi gani cha mikopo ya Machakos kilikwenda kwenye ujenzi, na mchanga wake ulichimbwa kwa kibali? Ni kiasi gani kilikwenda kwenye maji na mashamba, na kwa muda gani wa kulipa? Maafisa wa mikopo katika matawi ya kaunti ni wangapi, wangapi kati yao wana ajira ya kudumu, na kila mmoja alitembelea wateja wangapi mwaka uliopita? Mawakala walilipwa kamisheni kiasi gani? Takwimu hizo zote zimo ndani ya kompyuta za matawi, na mkutano wa mwaka wa wenyehisa ni mahali halali pa kuzidai.